Siku Yenye Jerikeni Ilipiga Kura

"Tangazo kubwa! Watu wote ya Yibiri, wazee na vijana, wenye miguu na wenye fimbo, mutege masikio! Kuanzia leo, Baraza imeamua kusikia mutu mwenye hajawahi kusikiwa! Kama ulikuwa hausikiwi, tafadhali jitayarishe!"

Hiyo ndiyo sauti yenye iliamusha kuku asubuhi ile. Ilikuwa inatoka kwa sipika mbili juu ya pikapu, na ndani ya pikapu alikaa Moris Duku mwenyewe, na suti ya rangi ya majivu, na tai, na jasho. Yibiri unaijua. Kama umewahi kutoka Arua kwenda Koboko na ukasinzia kidogo kwa gari, ile mahali ulisinzia ndiyo Yibiri.

Duku alikuwa Kaimu Ofisa Mukubwa wa Kuingiza Watu Wenye Wamebaki Inje. Usicheke, ni kazi ya maana. Alikuwa kaimu tangu mbuzi za Yibiri za sasa bibi zao hazijazaliwa. Kaimu anafanya kazi yote ya ofisa, ila vitu kidogo tu: hakalii kiti yenye iko na mikono, hapati nyumba ya Baraza, na hawezi kuweka sahihi kwa karatasi. Akimaliza kuandika, anasimama kando, anangoja mutu mwenye anaweza kuweka sahihi, kama mutoto anangoja kuoshwa.

Sasa mwaka huo, wafadhili walileta pesa nzuri Yibiri. Lakini walileta na sharti. Walisema hii pesa hapana amuliwa na wakubwa. Iamuliwe na wale wenye siku zote wanabaki inje. Baraza ikafurahi sana. Mwenyekiti, Alhaji Umaru, mutu mwenye roho ya kujenga, akamuita Duku siku hiyo hiyo.

"Duku, watu wenye wanabaki inje wanataka nini?"

"Bado hatujauliza, Alhaji."

"Hapana uliza bila kujitayarisha. Wanataka geti."

"Geti?"

"Geti kubwa, juu ya barabara. Na taa. Huku imeandikwa KARIBU YIBIRI, huku imeandikwa KWAHERI, na hapa katikati," Alhaji akaonyesha na mukono, pole pole, kama mutu anapapasa kitambaa dukani, "hapa katikati, uso."

"Uso ya nani, Alhaji?"

Alhaji akageuza uso yake kidogo, kama mutu anapigwa picha. Duku akasema, "Ndiyo, Alhaji. Itatosha vizuri."

"Watu wanapita hapa kila siku, Duku. Wanafika Koboko, unawauliza, muliona Yibiri? Hawajui. Umaskini ya kukosa kula iko na dawa, unakula. Lakini umaskini ya kutojulikana!" Akatikisa kichwa. "Geti ikisimama, na wewe utasimama. Nitakuthibitisha. Kiti na mikono, nyumba na bafu, yote."

Basi Duku alitoka pale kama mutu mwenye amekunywa chai ya maziwa. Na usidhani alikuwa mubaya. Duku alikuwa anapenda hawa watu wenye wamebaki inje kwa roho yote. Alisoma habari yao kwa semina kule Arusha, huko ndiko alirudi na Kiswahili kikubwa. Alikuwa anaweza kusema "ushirikishwaji jumuishi wa makundi yaliyosahaulika katika upangaji wa vipaumbele" bila kupumua, na ukimuuliza maana yake, alikuwa anaisema tena, polepole.

Wenye walibaki inje zaidi ya wote walikuwa watu wa Ng'ambo. Ng'ambo iko nyuma ya Baraza pale pale, unavuka kamto, umefika. Ukipiga chafya Barazani, Ng'ambo wanakujibu. Lakini kwa mukutano walikuwa hawaonekani hata siku moja. Pampu yao ya maji ilikufa zamani, ikabaki tu ile mukono yake imeinuka juu, kama mutu anaomba kuuliza swali. Sasa wanawake wa Ng'ambo wanapanda mpaka pampu ya kule kilimani, na laini ya kule inaanza alfajiri inaisha jioni. Duku alikuwa ameshafanya uchunguzi juu ya hiyo jambo. Aliandika: "Wakazi wa Ng'ambo hawapendi mikutano. Wanapenda laini." Na kwa sababu kura inataka vitu mbili, kando ya geti aliandika pampu mpya.

Na aliijua vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anapanga nyumba Ng'ambo. Mushahara ya kaimu haivuki kamto. Na bibi yake, Agnes Keji, alikuwa kwa hiyo laini kila siku.

"Baba Paska," Keji akamwambia jioni ile, anaweka muhogo na osubi, ile mboga yake ya majani, kwa meza, "nimesikia sipika yako. Unasema watu wachague geti ao pampu."

"Ni zoezi la kidemokrasia, Mama Paska."

"Na wewe unataka nini?"

"Ofisi haina upande."

"Sijauliza ofisi. Nimeuliza mutu mwenye anaoga na maji yangu."

Duku akakohoa. "Geti ikishinda, nathibitishwa. Tunapata nyumba ya Baraza. Iko na bomba ndani, Keji! Unafungua tu, shwaa!"

"Sisi tunapata shwaa. Na Hawah hapo jirani, na mimba yake ya miezi nane, anapata geti?"

"Atapata taa pia."

Keji akachukua ile sahani ya osubi, akairudisha jikoni. Duku akakula muhogo peke yake.

Lakini utaratibu ulikuwa umeshapangwa, na Duku alikuwa bingwa wa utaratibu. Watu watachagua kwa kupanga laini, vile tunachaguanga mwenyekiti wa kijiji. Mbele ya Baraza atasimamisha kibao mbili. Moja imechorwa geti, ingine imechorwa pampu. Laini ndefu imeshinda. Siku ni siku ya soko, saa ni saa tatu asubuhi, saa yenye kila mwanamuke wa Ng'ambo ao iko shamba, ao sokoni, ao kilimani. Alhaji alisifu sana hiyo saa. Duku alisema ni kwa huruma. Mutu mwenye amezoea kubaki inje, ukimuingiza kwa ghafla anaweza kushikwa na homa. Na ili mahali isikae wazi mbele ya mugeni mwenye wafadhili watatuma kuangalia, alipanga vijana wa stegi ya boda, wale wa kubeba watu na pikipiki, wenye jezi ya timu ya Onduparaka, waje wapange nyuma ya geti. Kila mumoja soda na roleksi, chapati imekunjwa na mayai mbili ndani.

Basi pikapu ikazunguka. "Mwenye anataka pampu, apange laini nyuma ya pampu! Mufike mapema! Laini ndiyo itaamua!"

Na watu wa Ng'ambo walisikia. Panga laini. Pampu. Fika mapema. Sasa hiyo, utamufundisha mutu wa Ng'ambo?

Ni lazima ujue desturi ya pampu. Hakuna mutu wa Ng'ambo anasimama kwa laini na miguu. Unafika alfajiri, unaweka jerikeni yako nyuma ya jerikeni ya mwenzako, unaenda. Unaenda kulima, unaenda kuuza nyanya, unaenda kulia kwa matanga, unaenda kuzaa, jerikeni iko inakungojea mahali yako. Hiyo jerikeni ni wewe. Ikisogea, umesogea. Mutu akiitupa kando, amekutupa wewe, na ndugu zako watakuja kuuliza. Pale kilimani kuna watu waliiba kuku, walisamehewa. Mwenye aligusa jerikeni ya mwenzake, mpaka leo watoto wake wanaoa mbali.

Basi asubuhi ya kura, kabla hata ya jogoo, wanawake wa Ng'ambo walivuka kamto, kila mumoja na jerikeni yake. Waliona kibao ya pampu mbele ya ngazi ya Baraza. Wakapanga. Moja, nyuma yake ingine, nyuma yake ingine. Wakaangalia vile laini imenyooka, wakafurahi, wakaenda shamba. Hakukuwa na ujanja hapo hata kidogo. Kila mutu alienda na roho safi, anajua kura yake iko salama.

Duku alifika na suti yake, akasimama.

Laini ya jerikeni ilitoka kwa kibao ya pampu, ikapita chini ya dirisha ya ofisi, ikazunguka mti wa bendera, ikatoka kwa mulango wa uwanja, ikachukua barabara ya Koboko, ikaenda. Mwisho yake haikuonekana. Manjano, manjano, manjano, na hapa na pale ya bluu. Zingine zimefungwa na gunzi ya mahindi, zingine zimefungwa kitambaa ya kitenge kwa shingo, zingine zimeshonwa na waya mahali zilipasuka.

"Igga!" Duku akaita askari wa Baraza. "Hii ni nini?"

Igga akapiga saluti. "Ni Ng'ambo, afande."

"Nauliza hizi jerikeni!"

"Ndiyo, afande. Ni Ng'ambo. Wamefika wote."

Kabla Duku hajapata jibu ya Kiswahili kikubwa, gari ya Alhaji ikaingia, ile dabo kabini nyeupe, dereva Siraji kwa usukani. Nyuma, pamoja na Alhaji, alikuwa mugeni wa wafadhili, dada mumoja anaitwa Prossy, alilala Arua, iko na miwani na uso ya mutu mwenye hajawahi kuchekeshwa na mutu wa serikali. Gari ikaegeshwa karibu na ngazi. Mara tu ilipoingia, mama mbili wenye walichelewa wakaona kaupenyo pale kwa mulango, mahali wenzao waliwaachia. Wakaweka jerikeni zao hapo, wakaifunga laini vizuri nyuma ya gari, wakaenda soko.

Mukutano ukaanza. Vijana wa boda walikuwa wamepanga nyuma ya geti, wananyonya soda.

"Mheshimiwa mugeni," Duku akasema, "kama unavyoona, wananchi waliosahaulika wamejitokeza kwa wingi kuchagua geti. Upande wa pampu, kwa bahati mbaya, hakuna mutu."

Prossy akaangalia jerikeni. Akaangalia Duku. "Hizi ni nini?"

"Ni vyombo."

"Vimefuata nini hapa?"

Duku akanyoosha tai. Prossy akashuka ngazi, akaenda kwa vijana wa boda. "Nyinyi ni wa hapa? Hii jerikeni ya kwanza ni nini?"

Kijana akatoa soda kwa mudomo, kwa heshima. "Huyo ni Habuba Medina, dada. Ni nyanya ya watu wote, amelea kijiji. Yeye siku zote ni wa kwanza."

"Na hii?"

"Huyo ni Hawah. Iko na mimba, ndiyo maana wamemuacha hapa mbele."

"Na hii imeshonwa?"

"Huyo ni muzee Angelo. Ametoka hospitali juzi tu. Shikamoo, muzee."

Prossy akainama kidogo mbele ya muzee Angelo, kama anamupa pole. Halafu akatembea na ile laini mpaka inje, barabarani, akapotea. Watu wakamungoja. Alirudi viatu imejaa vumbi.

"Bwana Kaimu, nimefanya kazi wilaya mingi," akasema. "Mahali pengine wananiletea watu kumi na picha ya watu mia. Hapa nyumba yote, moja moja, imesimama. Sijawahi kuona."

"Asante," Duku akasema, kwa sababu mutu akisifiwa, mudomo inajibu kabla ya akili.

Alhaji akamuvuta kwa koti. "Unasema asante? Jerikeni haiwezi kupiga kura! Itoe!"

"Vijana!" Duku akaita. "Kujeni mutoe hizi vyombo, haraka!"

Vijana wakafika, wakaangalia, wakarudi nyuma hatua.

"Mimi? Hii ni ya Rehemah! Unajua mudomo ya Rehemah? Mimi nitauza boda nihamie Kongo."

"Na hii ni mama yangu," mwingine akasema, sauti imebadilika. "Eh, mama, nani amekulaza hivi?" Jerikeni ilikuwa imeinama upande moja kwa sababu ya jiwe. Akatoa ile jiwe, akaisimamisha, akabaki hapo, ameshika shingo yake.

Sasa hiyo nayo ni desturi. Mutoto akikuta jerikeni ya mama yake kwa laini, anasimama nayo. Hawezi kuiacha peke yake mbele ya watu, itakuwa aibu. Kijana mwingine akaona ya shangazi. Mwingine akaona ya dada. Mumoja mumoja walitoka nyuma ya geti, roleksi mukononi, kila mumoja anatafuta watu wake, wanaamkia jerikeni huku na kule, "Mama, habari ya shamba?", wanacheka. Nyuma ya kibao ya geti kulibaki kreti ya soda na mbwa ya Igga.

"Duku!" Alhaji akasema, meno imefungwa. "Toa. Na mukono yako."

Duku akajikaza. Akafikiri kiti yenye iko na mikono. Akafikiri bafu, shwaa. Akainama, akashika jerikeni ya karibu, ya manjano, gunzi mpya, na kwa shingo imefungwa tai ya zamani, ya mistari, yenye alitafuta mwaka mzima.

Akaachilia pole pole.

"Nini?" Alhaji akauliza.

"Huyu ni Keji," Duku akanong'ona. "Bibi yangu."

"Sasa?"

"Alhaji, nikigusa huyu, jioni nakula wapi? Wiki hii nakula muhogo mukavu."

"Basi watu yote ya Baraza ni waoga!" Alhaji akapiga kelele. "Mimi iko na harusi Arua, na gari yangu imefungiwa na plastiki! Siraji, rudi nyuma na gari! Kanyaga!"

Siraji akazima injini, akatoa ufunguo, akauweka kwa mufuko. "Alhaji, hapo nyuma ni mama mukwe yangu."

Ndiyo Alhaji Umaru, Mwenyekiti wa Baraza ya Yibiri, na kanzu nyeupe ya harusi, alishuka mwenyewe, akashika jerikeni ya Agnes Keji kwa mukono ya kuume, akaiinua, akaiweka kando.

Vijana wakashusha roleksi. Hata mbwa ya Igga ilikaa.

"Aaa-aa, Umaru," sauti ikasema. "Unaruka laini?"

Ilikuwa Habuba Medina. Alitoka shamba kuja kuangalia vile laini inaendelea, kama kila siku, jembe kwa bega, kilemba kichwani, meno mbili mbele zenye zinatosha. Hakumuita Alhaji. Alimujua kabla hajaenda Maka. Alimuogesha.

"Habuba, salaam aleikum. Siruki laini. Natoa chombo."

"Umemutoa Keji kwa mahali yake. Mwenye anatoa mutu kwa laini anaenda mwisho. Ndiyo sheria. Enda mwisho."

"Mimi ni mwenyekiti!"

"Ya mukutano. Ya laini ni mimi."

Alhaji akageuka kwa Prossy, anatafuta mutu mwenye amesoma. "Dada, umesikia hii ushamba?"

Prossy akasukuma miwani juu. "Muongozo wetu unasema tufuate utaratibu wenye jamii yenyewe inaujua. Hii sheria inajulikana?"

"Inajulikana!" vijana wakajibu. "Inajulikana!" Siraji akajibu kutoka ndani ya gari. "Inajulikana, afande!" Igga akajibu, akapiga saluti, hajui anapigia nani.

"Basi mheshimiwa ataenda mwisho," Prossy akasema.

"Lakini niko na harusi!"

Habuba akamuhurumia. Alikuwa mutu wa huruma. "Enda harusi yako, mutoto yangu. Nani amekufunga? Acha tu kitu kwa mahali yako, kitu yenye kila mutu anajua ni wewe."

Alhaji akajipapasa. Kofia? Upepo itachukua. Viatu? Ya harusi. Watu wote wakafikiri pamoja naye, na polepole, bila mutu kusema, macho yote ikaenda kwa ile dabo kabini nyeupe.

"Hapana," Alhaji akasema.

"Hii, hata mutoto wa kunyonya anajua ni wewe," Habuba akasema. "Wakiisikia wanakimbia."

Akatoa amri laini isogee kidogo, yote pamoja, kwa sababu laini inasogea tu kama mwenye laini amesema. Vijana wakasogeza mama zao hatua moja. Gari ikatoka taratibu, ikafuata jerikeni barabarani mpaka mwisho kabisa, karibu na shamba ya tumbaku, ikawekwa nyuma ya jerikeni ya bluu. Prossy akaiangalia vizuri, akatangaza matokeo: geti, mbwa moja. Pampu, Ng'ambo yote na Mwenyekiti.

Alhaji alienda Arua kwa boda, nyuma ya kijana wa jezi, kanzu imepuliziwa na upepo kama hema.

Alidhani ni ya siku moja. Lakini laini ya pampu inatembea maji ikitoka, na maji haikuwa inatoka, kwa sababu pampu haikuwa imechimbwa. Jerikeni zikabaki pale, kilimani wanawake wakachota na sufuria. Gari nayo ikabaki, kwa sababu mwenye anaondoa kitu yake kabla ya kujaza amejitupa mwenyewe. Kuku ya shamba ya tumbaku ikaanza kulala juu yake. Watu wa mabasi wakaanza kusema, "Mimi nashuka pale gari iko inangoja maji." Koboko mpaka Arua, kila mutu akajua Yibiri iko wapi. Umaskini ya kutojulikana ikaisha bila hata balbu moja, na Alhaji hakufurahi.

"Duku!" alikuja anapiga kelele, ameshuka kwa boda, kofia imegeuka. "Wachimbaji wako wapi? Miezi mingapi mutakaa na pesa ya wananchi? Wananchi wanateseka!"

"Wako tayari, Alhaji. Inangojea sahihi ya ofisa."

"Weka basi!"

"Mimi ni kaimu."

Alhaji akasimama hapo, vumbi kwa nyusi. Akaangalia Duku. Akaangalia barabara, mbali, kale ka weupe kenye kanang'aa karibu na tumbaku. Alimuthibitisha hapo hapo, karatasi juu ya kiti ya boda, injini inanguruma. Duku akaweka sahihi yake ya kwanza ya kazi. Ilikuwa kubwa, na mikia mbili.

Wachimbaji walifika na mashine, wakauliza wachimbe wapi. Duku alitaka kueleza juu ya tathmini shirikishi ya eneo la utekelezaji. Habuba Medina akasema, "Laini inaanza wapi?" Ilikuwa inaanza kwa ngazi ya Baraza, mahali Alhaji alikuwa anaegesha gari. Wakachimba hapo. Maji ikaruka mpaka kwa mabati ya ofisi, na wanawake wakapiga kigelegele, na Igga akapiga saluti kwa maji.

Halafu laini ikaanza kutembea. Habuba akajaza. Hawah akajaza, na mutoto mugongoni, kwa sababu alizaliwa wakati mama yake iko nafasi ya pili. Kila jerikeni ikisogea hatua, gari inasogea hatua. Kuwasha injini kwa laini ya pampu haijawahi kuonekana, ingekuwa ni kama kusukumana, kwa hivyo ilisukumwa na mukono. Nyuma kulikuwa na Alhaji, kanzu imekunjwa kwa magoti, na Ofisa Kamili Moris Duku, tai imetupwa kwa bega. Keji alikuwa amesharudi na jerikeni yake imejaa, akasimama kando, anawaangalia.

"Sukumeni vizuri," akasema. "Munarudisha watu nyuma."

Jua ilikuwa imeinama wakati gari ilifika kwa pampu. Alhaji akajipangusa uso. Habuba akashika mukono ya pampu.

"Weka chombo."

Alhaji akaangalia huku na huku. Kwa gari kulikuwa na spea tairi, kulikuwa na kalenda ya uso yake. Chombo hakuna.

"Ngoja nikimbie dukani, Habuba. Dakika moja."

"Enda tu. Lakini umetoka kwa pampu, unaanza mwisho. Si unajua?"

Na nyuma yake, laini ilikuwa imejaa tena, mzunguko wa pili, manjano mpaka tumbaku. Dukani jerikeni zilikuwa zimeisha, zote ziko kwa laini, na gari ikarudi mwisho.

Siku hizi, ukifika Baraza ya Yibiri, laini ya maji inapita chini ya dirisha ya ofisi, na dirisha iko wazi kwa sababu ya joto. Baraza wakipanga bajeti ndani, inje wanasikia, na wanajibu. Ofisa anasema, "Semina ya viongozi kule Jinja," Rehemah anasema, "Wakafanye nini?" na semina inaanguka hapo hapo. Inje wakisema barabara ya Adumi imeharibika, ndani wanaandika. Duku anakaa kwa kiti na mikono, anasema ushirikishwaji haujawahi kuwa jumuishi namna hii, na Keji akipita na jerikeni anamuambia apunguze sauti.

Ndivyo juzi walikuwa wanapanga pesa ya mwaka unaokuja, mara sauti moja ikatoka mbali, mbali kabisa, kule mwisho, imekauka na jua:

"Pampu moja haitoshi! Mutusikilize na sisi! Watu wanakufa kwa laini!"

Duku akainua kichwa. "Igga, nani huyo?"

Igga akaegemea dirisha, akakinga macho na mukono, akaangalia.

"Ni muzee moja, afande. Wa mwisho kwa laini. Iko na gari, jerikeni hana."

Duku akasimama kutoka kwa kiti yake, akavaa koti vizuri, vile ofisa kamili anapaswa kuvaa.

"Basi huyo ndiyo amebaki inje kabisa," akasema. "Kimbia umuulize jina yake, na anataka tumufanyie nini."